Maji ya Dungusi

Asubuhi, mapacha wakishaogeshwa na kuvalishwa, yaya alibakiwa na kazi moja bafuni: kulinyunyizia maji dungusi lililotundikwa dirishani. Halikuwa dungusi la jangwani. Asili yake ni misitu ya mvua, halina miiba, na matawi yake membamba yaliteremka kama nywele zilizofumuliwa. Mwenye nyumba, mhasibu wa kampuni ya bima, alilinunua akidhani halitaki maji, akaliweka sebuleni juani. Likasinyaa. Yaya ndiye aliyelihamishia bafuni, kwenye kivuli na mvuke, akawa analipulizia kwa ile chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi.

Wiki hiyohiyo mama yake, aliyekuwa akimlelea binti, akapiga simu kutoka nyumbani kwao.

"Mwanangu, huyu binti yako kila asubuhi analowa chapachapa. Kakaa zake kitini, mara mgongo mzima maji."

"Anakohoa?"

"Hakohoi. Anacheka."

"Basi mwache, mama. Ni mimi namwogesha."

"Nilijua tu. Ila yapashe moto kidogo, huku asubuhi kuna baridi."

Tangu hapo yaya akawa anachanganya maji ya birika, anayajaribu kwa kiwiko kabla ya kuyatia kwenye chupa. Alimwacha binti yake ndiyo kwanza ameacha kunyonya, na sasa binti alikuwa anang'oka meno. Alipofuta vumbi kwenye matawi kwa kitambaa laini, kesho yake mtoto alimwambia kwenye simu, "Mama, jana ulinisugua nyuma ya sikio." Yaya aligeukia ukutani.

Mwenye nyumba alipoelezwa habari hiyo, aliomba tu sakafu ya bafu ifutwe vizuri, watoto wasije wakateleza.

Likizo alikwisha kumwahidi. Ikaahirishwa mapacha walipoota meno, ikaahirishwa tena wakati wa kufunga hesabu za kampuni, kisha ikawa haitajwi tena. Siku binti aliposhikwa na homa kali, yaya alikwenda kusimama mlangoni pa chumba cha mwenye nyumba, mkoba begani.

"Pole sana, dada," mwenye nyumba alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Lakini hata ukiondoka sasa hivi, utafika keshokutwa. Ukimpoza kutoka hapa, jioni atakuwa mzima."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Yaya alivua mkoba, akapanda juu ya kigoda, akapulizia maji ya uvuguvugu tawi baada ya tawi mpaka vidole vikafa ganzi. Alasiri homa ikashuka. Mtoto akaomba uji. Mwenye nyumba alimletea yaya chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Unaona? Saa hizi ungekuwa bado uko ndani ya basi."

Siku chache baadaye dungusi likachanua vijiua vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Yaya akaomba ruhusa tena. Hakuna anayeumwa, alisema, nataka tu kumwona.

"Si unamwogesha kila siku? Kuna kina mama wanalala chumba kimoja na watoto wao, na hawafanyi hivyo." Mwenye nyumba akalitazama dungusi. "Hicho chungu kimekuwa kidogo. Nitakununulia kikubwa."

Akakinunua kweli, kizuri, chenye matundu ya kutolea maji. Yaya alishukuru. Akalihamisha dungusi taratibu, akiilegeza mizizi kwa vidole ili isikatike, na huko nyumbani mtoto akalalamika kwamba nyayo zinamtekenya.

Jumapili yaya na binti yake wakaongea kwa simu.

"Maji yamefika, mama."

"Yalikuwa ya moto vizuri?"

"Ndiyo. Lakini nikigeuka sikuoni."

"Usigeuke basi. Sabuni itakuingia machoni."

"Hamna sabuni, mama. Ni maji tu."

Chumba cha pili mapacha walikuwa wameamka, wanamwita. Yaya akamwambia binti yake wataongea tena, akaenda kuwatoa kitandani.