Njiwa Watatu wa Rewshen

Njiwa wa kwanza alitua juu ya banda la Hazni baada ya swala ya alasiri. Alikuwa jike jeupe, mmoja wa watano waliokwenda na Rewshen, binti yake, alipoolewa wiki mbili nyuma.

Hazni alimkamata, akamkunjua bawa. Uzi mwekundu uliofunga manyoya ulikuwa umekatwa kwa mkasi, vizuri, bila kugusa ngozi.

Njiwa wa sarakasi si msafiri. Hujipindua angani mpaka watu washangilie, lakini ukimpeleka mbali hupotea. Huyu alirudi kwa sababu nyumba ya wakwe ilionekana kutoka paa hili, kule chini mji wa Mardin unapoishia na mashamba kuanza. Ndiyo maana bawa hufungwa mpaka ndege aangue vifaranga kwenye banda jipya.

"Amekosea," Hazni alimwambia mkewe.

"Rewshen akosee njiwa?" Shemse alisema. "Yule alijua kukata uzi wa njiwa kabla hajajua kukata kucha zake! Nenda ukamwone, baba Rewshen."

"Siku arobaini hazijaisha. Baba hatangulii. Bibi harusi ndiye huja kwanza kusalimu kwao. Unataka wakwe waseme namchunguza?"

Kesho yake, saa ileile, akaja wa pili. Jirani yao Sabri alicheka kutoka paa lake.

"Mzee Hazni! Umeoza binti au umeazimisha njiwa?"

"Funga domo lako, Sabri, nzi wataingia."

Lakini Hazni alipokunjua bawa, aliona uzi wa huyu pia umekatwa kwa mkasi. Usiku alisujudu kwa muda mrefu, akamwomba Mola amlinde mtoto wake. Moyoni aliona ajabu: alikuwa anaomba jambo ambalo miguu yake mwenyewe ingeweza kulifanya.

Siku ya tatu alitua wa tatu.

"Kesho akija wa nne, nakwenda," Hazni alisema. "Wallahi nakwenda."

Shemse alimpa kisogo. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake Hazni alisimama juu ya paa toka adhuhuri. Alasiri ikapita. Anga lilikuwa jeupe, tupu, hata kunguru hakuna. Kila alipoona kidoa, kilikuwa vumbi. Jua likaanza kushuka, ndipo akaelewa: ndege hawaji kwa sababu hakuna tena wa kuwaachilia.

Aliteremka ngazi za mtaa akikimbia, mzee wa miaka sitini, bila kofia.

Mama mkwe wa Rewshen alifungua mlango, mikono imelowa.

"Aa, mkwe! Karibu. Umekuja wakati mzuri, supu iko motoni."

Kwenye beseni miguuni pake kulikuwa na manyoya ya njiwa, na uzi mwekundu bado umefungwa.

"Rewshen yuko wapi?"

"Amelala. Bibi harusi wa siku hizi, unawajua, wavivu."

Hazni alimpita. Mwisho wa ua kulikuwa na ghala, na komeo lake lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Rewshen!"

Kisha kitu kikakwaruza ubao, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Baba," sauti ilisema, kavu kama majani makavu. "Wa kwanza hakufika?"

Hazni alishika komeo kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, akalivuta kwa nguvu zote.

"Alifika, mwanangu," alisema. "Alifika."