Tairi la Inchi Nne

Karani wa pasi za safari aliisoma karatasi ya Bedan kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwa ndani yake. Nyuma ya Bedan walikuwa wamechuchumaa watu kama arobaini, pasibuku za utambulisho mkononi, mvua ya Mei ikiwadondokea mabegani.

"Ruiru unataka kufanya nini?"

"Kumwona shemeji yangu. Jumapili moja tu."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Mume wake hayupo."

"Hayupo, yuko wapi?"

Swali hilo Bedan alikuwa nalo kwa wiki sita, lakini halikuwa swali la kumwuliza karani. Mume wa shemeji yake alikuwa Kagwe, mdogo wake wa tumbo moja.

"Sijui, karani."

"Hapa imeandikwa amekimbilia msituni, kwa waasi." Karani aliisukuma karatasi kwa ncha ya kalamu kana kwamba ingemchafua. "Lete sahihi ya hedimani, mkuu wa kijiji chao. Anayefuata!"

"Hedimani yuko Ruiru. Na Ruiru siwezi kufika bila pasi."

"Anayefuata, nimesema."

Bedan akaikunja karatasi, akashika njia ya kazini. Alikuwa fundi wa magurudumu katika gereji ya Balwant Singh, Sardar kama mafundi walivyomwita, karibu na reli ya Thika, mwaka wa nane sasa. Njiani aliyarudia maneno ya Ngendo, mke wa Kagwe, aliyoletewa na mwanamke mmoja muuza mboga mwenye pasi ya soko. Alfajiri moja, kabla ya filimbi ya kazi, pikipiki ilikuja kijijini. Mtu akamwita Kagwe kwa jina, Kagwe akatoka. Pikipiki ikaondoka naye. Ngendo alipokwenda ofisini kusema, aliulizwa pikipiki ya nani. Akajibu kwamba aliisikia tu, kwa kuwa wanawake walikatazwa kufungua milango kabla ya filimbi. Wakacheka. Pikipiki ziko nne huku, mama, walisema, na zote zinalia sawasawa. Wakaandika kwamba Kagwe amekimbilia msituni, na kwa kuwa ni mke wa mtu wa msituni, Ngendo akapangiwa kuchimba handaki la kijiji kila siku bila zamu ya kupumzika.

"Umechelewa, mzee wa pasi!" Muthoka alimpokea mlangoni, mikono imejaa grisi. "Sisi watu wa Machakos hatuulizwi pasi, tunaingia mjini na kutoka kama kuku."

"Subirini tu. Na nyinyi mtafungwa kamba mguuni."

"Haya. Mgeni wako amekutangulia." Muthoka akapunguza sauti. "Macharia, yule hedimani wa Ruiru. Ameniangalia kama mimi ndiye niliyeiba daraja."

Bedan alijua kwamba angekuja. Tairi aliloagiza lilifika kwa treni juzi, limefungwa kwa karatasi ya kahawia. Lakini alidhani ingekuwa mchana, akiwa ameshajipanga moyoni.

Macharia alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake katika koti refu la mvua la kijeshi, bunduki begani. Ndiye aliyeongoza homugadi, walinzi wa serikali, katika kijiji kipya walichohamishiwa kina Ngendo. Bedan alimfahamu kwa sura. Macharia hakumfahamu Bedan; kwake alikuwa fundi tu mwenye ovaroli.

"Gurudumu la nyuma linateleza kama sabuni," alisema. "Huu udongo mweusi wetu unanilaza chini mbele ya watu. Mzungu wa shamba la kahawa ana tairi nene, yeye halali chini. Nifungie kama lake."

"Lililopo ni inchi tatu na robo, mzee. Hili jipya ni inchi nne."

"Naijua hesabu. Na tyubu ya zamani nataka mkononi mwangu, nzima. Usinikatie hata kipande cha kufungia kuni."

Bedan hakuhitaji kuelezwa sababu. Tangu bunduki za kienyeji za watu wa msituni zilipoonekana zinafyatuliwa kwa vipande vya tyubu, kukutwa na mpira mkuukuu kulitosha kumfunga mtu.

Macharia alikwenda kuketi ofisini kwa Balwant Singh, mahali ambapo angeweza kuona mikono ya mafundi kupitia dirishani. Bedan akaisimamisha pikipiki kwa stendi, akafungua cheni, akalegeza nati za gurudumu. Alipoinama kuuchomoa mhimili, aliliona doa.

Lilikuwa juu ya ekzosi, upande wa kulia, nyuma. Mpira mweusi ulioyeyuka na kugandia chuma, upana wa vidole viwili. Bedan aliligusa kwa bisibisi, likatoka ganda dogo. Fundi yeyote angejua kwamba ni kisigino cha akala, kiatu cha mpira wa tairi. Mtu anayeketi vizuri kiti cha nyuma huweka miguu juu ya vikanyagio, na kiatu chake hakifiki kwenye ekzosi. Anayeunguza kiatu ni yule ambaye hawezi kuiweka miguu yake mahali anapotaka, kama mtu aliyefungwa.

Akala za Kagwe, Bedan alikuwa amezikata mwenyewe, hapa hapa, kutoka tairi la lori. Lakini nusu ya wilaya ilivaa akala za tairi la lori. Huu haukuwa ushahidi. Ulikuwa uchafu tu kwenye ekzosi. Akainua macho, akakuta Macharia anamtazama dirishani.

"Kuna nini hapo?" Macharia aliita.

"Nati imeshika kutu, mzee."

Akaendelea. Alilitoa tairi jembamba, akaikunja tyubu yake vizuri na kuiweka juu ya benchi, mahali pa wazi. Akalivisha rimu lile tairi nene kwa kulikandamiza kwa magoti, akajaza upepo, akarudisha gurudumu mahali pake. Ikambidi aipinde ncha ya kinga ya cheni kwa nyundo ili mpira usiiguse. Mwisho akaingiza kidole baina ya tairi na madigadi, lile bati la kukinga matope juu yake. Kidole kimoja kiliingia, kwa shida.

Nyuma pikipiki hiyo ilikuwa na springi. Ikibeba mzigo, gurudumu lingepanda juu zaidi ya kidole kimoja. Gereji ilikuwa na desturi ya kumwuliza mteja kwa jambo hilo. Balwant Singh alikuwa ameiandika kwenye kadi ya kazi tangu mteja mmoja alipoanguka na mke wake, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kuiruka. Anayebeba mtu huinuliwa madigadi inchi nzima, kwa washa, vile vibati vya kuinulia, na vyuma vipya. Ni kazi ya saa mbili.

Bedan akapangusa mikono, akachukua kadi, akaenda ofisini. Swali lile alikuwa ameliuliza mamia ya watu. Leo alihisi ulimi umekuwa mzito.

"Mzee, pikipiki hii inabeba mtu nyuma?"

Macharia alimtazama fundi kuanzia viatu.

"Kwa nini unauliza?"

"Ni swali la kazi tu. Liko kwenye kadi."

"Ni kweli, hedimani," alisema Balwant Singh bila kuinua kichwa. "Kila mtu nauliza. Hata padri nauliza."

"Hii ni pikipiki ya kazi ya serikali," Macharia alisema polepole. "Sibebi mtu. Sijawahi kubeba mtu. Nani amesema nabeba mtu?"

"Hakuna aliyesema, mzee."

"Basi andika."

Bedan akaandika: *Habebi mtu.* Macharia akaisoma kadi mara mbili, akatia sahihi kwa kukaza kalamu mpaka ikatoboa hadi nakala ya chini.

Ukurasa mzima wa uongo usingemfundisha Bedan zaidi ya jibu lile. Mtu asiye na la kuficha angejibu ndiyo, nabeba mama, nabeba magunia, nabeba nani. Huyu aliapa bila kuapishwa.

Bedan akarudi kwenye pikipiki, akakaza nati za gurudumu moja moja. Zile za madigadi hakuzigusa. Aliziacha pale zilipo, kama kadi ilivyomwamuru.

Balwant Singh alipita nyuma yake, akainama, akapitisha kidole chini ya madigadi. Kikakwama.

"Fundi. Hii itasugua."

"Akiwa peke yake haitasugua, Sardar."

"Na kama si peke yake?"

"Amesema habebi mtu. Ametia sahihi."

Mzee yule wa Kisikh alichezea ndevu zake. Kisha akanyoosha mgongo.

"Mimi sikuona kitu," alisema, akaenda kumkaripia Muthoka kwa kosa ambalo Muthoka hakulifanya.

Macharia aliijaribu mwenyewe. Alizunguka uwanja mara tatu, akapita makusudi kwenye tope la mlangoni. Tairi lililishika tope, halikuteleza. Halikutoa hata mlio. Akashuka anatabasamu. Akaikunjua tyubu ya zamani, akaipima kwa mikono kutoka valvu hadi valvu, akairidhia.

"Sasa lete pasibuku yako. Nataka jina la aliyeshika tyubu yangu."

Bedan alimpa. Macharia akafungua, akasoma, akafungua tena ukurasa wa kwanza.

"Bedan Wainaina. Nyumbani Ruiru." Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Wewe ni wa nyumba ya Kagwe."

"Ni mdogo wangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, mzee."

"Na kutoka asubuhi unanichunguza pikipiki." Aliitia pasibuku katika mfuko wake mwenyewe. "Nasikia unatafuta pasi ya kuja kwetu. Ya nini karatasi? Ukiwa na mimi huhitaji karatasi. Panda."

Muthoka alikuwa ameshika spana hewani. Bedan alijua kwamba kukataa ni kukiri, na alijua pia kukubali ni nini. Alikiangalia kile kiti cha nyuma.

"Hedimani," alisema Balwant Singh, "huyu fundi yangu. Kazi yake mpaka saa kumi na moja."

"Nitamrudisha."

"Siku gani?"

Macharia alipanda pikipiki. Basi Sardar akachomoa penseli kwenye kilemba, akaichukua ile kadi na kuandika taratibu, huku akiyasema maneno kwa sauti kama mtoto wa shule. "Saa nane na robo. Amebeba Bedan. Kwenda Ruiru."

"Unaandika nini, Mhindi?"

"Saa za fundi tu, hedimani. Bila kuandika mimi nasahau."

Bedan akapanda. Springi zikashuka. Waliponyanyuka kwenye tuta la reli, tairi likagusa madigadi, na pikipiki ikalia.

Ulikuwa mlio mrefu, mwembamba, kama wa nguruwe anayeburutwa. Watu waliokuwa wakitoka kiwandani waligeuka wote pamoja. Macharia aliongeza mwendo, mlio ukaongezeka. Akapunguza, ukakatika, kisha kila shimo likaurudisha. Harufu ya mpira unaoungua iliwafuata. Walipolifikia shamba la mkonge, Macharia alisimama.

"Ni nini inalia?"

"Ni tairi, mzee. Linagusa madigadi."

"Nilipoijaribu haikulia!"

"Ulikuwa peke yako. Inalia kwa sababu umebeba mtu."

Mgongo mpana wa Macharia ulipanda na kushuka.

"Kwa nini hukuitengeneza?"

"Ulisema hubebi. Ukitaka tuinue madigadi, rudi tu gereji. Tutaandika kadi nyingine kwamba unabeba."

Kando ya barabara wakataji wa mkonge walikuwa wamesimama, mapanga yakining'inia, wakiwatazama. Macharia aliwaona. Akawasha tena, wakaendelea na kilio chao maili baada ya maili, na hapakuwa na mahali walipopita ambapo mtu hakuinua kichwa kuona ni nani aliyeketi nyuma.

Kabla ya kijiji, njia inagawanyika. Ya kulia inashuka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Ya moja kwa moja inafika getini. Bedan aliuhisi mwili wa pikipiki ukilala kulia, kidogo, kama farasi aliyezoea njia. Akaelewa kwamba njia hii haikuwa ngeni kwa gurudumu hili. Hivyo ndivyo alivyopata jibu la swali la karani.

Lakini kwenye handaki la kijiji, karibu na njia panda, wanawake walikuwa wameusikia ule mlio tangu pikipiki ikiwa mbali. Walikuwa wametoka shimoni, sitini au zaidi, matope hadi magotini, majembe mkononi, na askari wao alikuwa anapuliza filimbi bure. Wote waliangalia. Mbele yao alikuwa Ngendo.

Pikipiki ikasimama penye njia panda.

"Shuka," Macharia alisema bila kugeuka.

Bedan akashuka.

"Pasibuku yangu, mzee."

"Utaifuata ofisini. Na nisikuone Ruiru bila pasi. Nikikukuta kesho hapa ni miezi sita." Akatema mate, akakata kuelekea getini.

Maili kumi na tatu kurudi Thika, bila karatasi hata moja, na doria zote barabarani. Ngendo alimfikia akihema. Hakumsalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza pikipiki ikienda.

"Imenyamaza," alisema.

"Ndiyo."

"Mbona imenyamaza, shemeji?"

"Yuko peke yake sasa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walisikia. Mmoja mmoja wakageuka kulitazama geti ambamo pikipiki ilikuwa imeingia, kisha ile njia ya machimboni, kisha wakashuka tena handakini.