Kijiti cha Sita

Umewahi kushika mkono wa binti yako ukakuta ndani yake kitu ambacho hukumzaa nacho?

Mimi nilikuta. Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, kwa Wahu, mtaa wa Pioneer hapa Eldoret. Alikuwa anafua nepi, mikono imejaa povu, nami nikamkunjia mkono wa blauzi usilowe. Juu ya kiwiko, chini ya ngozi, vidole vyangu vikapita kwenye vijiti sita, vyembamba kama njiti za kiberiti, vimetawanyika kama mguu wa kuku kwenye matope.

Akanieleza huku akiangalia povu. Ni dawa ya kupanga uzazi. Yeye na Gichuru, mume wake, walikubaliana. Inatoka humo kidogo kidogo kwa miaka mitano, hakuna kumeza, hakuna kudungwa kila mara. Dawa nilizojua mimi ni za kumeza na za sindano. Ya kukaa mwilini kama mpangaji, sikuwa nimesikia. Nikamtania kwamba hiyo inajipima vizuri kuliko yeye anavyopima sukari ya chai. Akacheka, halafu akalia.

Sababu niliijua. Kumzaa Macharia, wa tatu, kulimmaliza damu; siku nne hakuweza hata kushika kikombe.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na sote wawili tulilijua. Kwetu Wakikuyu watoto hupewa majina ya wazee wao kwa zamu, upande wa baba kwanza. Kiarie, mtoto wao wa kwanza, ni baba ya Gichuru, Wamucii wa pili ni mama ya Gichuru, Macharia ni marehemu mzee wangu, baba ya Wahu. Aliyebaki ni mimi, Njambi. Msichana wa pili ndiye angekuwa mimi. Sweta yake ya manjano nilikuwa nimeshaifuma, iko kwa sanduku.

"Mama, umekasirika?"

"Maliza nepi," nikasema.

Tangu hapo, kila nikimtembelea, nilimsalimia kwa kumshika mkono huo, nikavihesabu vile vijiti kwa kidole. Sita. Watoto wakirudi na pakiti za maziwa ya shule, Wahu aliwaambia Inspekta amefika.

Miaka mitano ikaisha. Siku ya kuvitoa akaniomba nimsindikize kliniki. Sista Nekoye akamchana kidogo, akatoa vitano. Cha sita hakikuonekana. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, Wahu ameuma leso. Sista akasema itabidi apelekwe hospitali kubwa, akapasuliwe.

Nikaomba maji na sabuni. Kile cha mwisho kilikuwa kimeteleza tangu mwaka wa pili, kikalala peke yake karibu na alama yake ya kuzaliwa. Nani angejua kama si mimi? Nikaweka kidole. "Hapa." Kikatoka.

Sista akauliza kama aweke vingine, ama Wahu apumzike dawa. Wahu akaniangalia. Mimi nikaangalia bakuli, vile vijiti sita.

"Weka," akasema.

Baadaye tuliketi kwenye benchi nje, mkono umefungwa bandeji, kichwa chake begani mwangu kama alipokuwa mdogo.

"Mama, wewe ulitaka nini? Hujawahi kusema."

Nikamfunga leso vizuri kwanza.

"Nilitaka nikusikie ukiita, 'Njambi, njoo ule,'" nikasema, "halafu nijue huyo unayemlisha ni mimi."