Neti ya Vifaranga

“Hao mbu walishuka na wewe kwa basi, Dorine! Usinizungushe!”

“Mbu gani huyo hulipa nauli kutoka Busia mpaka Ruiru, Mama Ciku? Nilimpakata?”

Hapo nikazima jiko. Ugomvi mtamu hausikilizwi ukikaanga vitunguu, na plotini kwetu Gitothua, hapa Ruiru, milango yote minane ilikuwa wazi tayari. Ngendo, ndiye Mama Ciku, ni keyateka wetu. Yeye ndiye huamua nani akae na nani afunge virago. Dorine ni jirani yangu wa ukutani, mshonaji kwenye kiwanda kimoja Thika. Kila Krismasi huenda kwao Busia na kurudi na omena, wale dagaa wa ziwani. Safari hii, kulingana na Ngendo, alirudi na mbu.

“Watoto wawili wa plot wameshikwa na malaria. Mimi nimezaliwa huku, malaria niliisoma kwa kitabu! Jumamosi nataka ufunguo wangu.”

Dorine aliutazama mlango wa chumba chake. Kupata chumba kingine karibu na steji ya basi la kiwanda si mchezo. Kisha akamkazia Ngendo macho.

“Mama Ciku, mbona sweta mbili na jua hili?”

“Baridi.”

“Baridi ya wapi, na sisi tunatoka jasho?”

Ilikuwa kweli. Zamani Julai hapa tulivaa makoti mpaka jikoni. Siku hizi hata Julai tunalala madirisha wazi.

“Na meno yanagongana.”

“Ngai! Meno ni yangu!” Ngendo akafoka, kisha akaketi pwaa juu ya ndoo yangu ya nguo.

Tukamkokota mpaka dispensari, Dorine kushoto, mimi kulia. Kipimo kikasema malaria.

“Umesafiri wapi hivi karibuni?” nesi akauliza.

“Sijatoka Gitothua mwaka mzima.”

“Basi aliyekuuma ni mbu wa kwako. Joto limepanda, siku hizi hata huku anajisikia nyumbani. Unalala ndani ya neti?”

Ngendo akatazama dari. Mdomo wangu, ambao hauna breki, ukamjibia: “Neti anayo. Wanaolala ndani ni vifaranga.”

“Sasa mwewe nimwambie nini?” Ngendo akanong’ona.

Tuliporudi, Dorine alifunua pipa la Ngendo. Mvua za sasa hushuka zote siku moja kisha zinapotea miezi, kwa hivyo Ngendo huzikinga na hamwagi hata tone. Ndani, viluwiluwi wa mbu walikuwa wakicheza kama watoto wa shule wakati wa mapumziko. Nilingoja Dorine aite plot nzima ije ione. Wapi! Alimwaga maji, akasugua pipa, akafunga kitambaa mdomoni. Mimi ndiye niliyeeneza habari.

Jumamosi, mifuko yake ikiwa imefungwa, Dorine alibisha kwa Ngendo, ufunguo mkononi. Nami nilikuwa hapo, nimeenda kuomba chumvi. Vifaranga walilia nje chini ya gunia. Neti ilining’inia juu ya kitanda. Ngendo, macho yamemtumbukia, alikuwa akipakua githeri.

“Huo ufunguo ni wa nini?”

“Si ulisema Jumamosi?”

“Nilisema nikiwa na homa. Mgonjwa huongea mengi.” Akachukua sahani nyingine, akaikatia parachichi nusu nzima. “Na usinisimamie mlangoni hivyo, unaniingizia mbu. Ingia ukule.”