Mbuzi wa Akuwam

Kila Agosti, Gitau na mkewe Jerusha walifanya sherehe nyumbani kwao Lodwar kukumbuka siku mahakama ilipowapa mtoto. Hawakumzaa wao. Alizaliwa upande wa Uganda, na mama yake alivuka mpaka akiwa mgonjwa, akafia katika hospitali ambako Jerusha alikuwa mkunga. Aliyebaki na mtoto ni nyanya yake, Nakeno, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno, ambaye ukame ulikuwa umemmalizia karibu mifugo yote. Alimtoa mtoto kwa hiari yake. Kwa kuwa mtoto alikuwa wa nchi nyingine, Gitau na Jerusha walizungushwa ofisi hadi ofisi kabla ya kuitwa wazazi wake kisheria. Wakampa jina la mama yake Gitau, Wairimu. Lile alilokuja nalo, Akuwam, halikutamkwa tena katika nyumba ile. Nakeno naye akahamia Kakuma kwa jamaa zake.

Mwaka wa 1977 Gitau alisema si vizuri kula na kunywa kila mwaka bila yule nyanya aliyewapa mtoto. Jerusha alikubali kwa mdomo. Moyoni aliogopa, kama alivyoogopa siku zote, kwamba bibi yule atakuja amtazame mtoto kwa namna ya kumdai.

Siku chache kabla ya sherehe, Lotiir, dereva wa lori la Kakuma, alisimama langoni akashusha mbuzi mweupe mwenye masikio ya kahawia.

"Hii mbuzi ni ya mtoto," alisema. "Nyanya yake ametuma. Yeye mwenyewe atakuja siku ya karamu."

Jerusha alishukuru, akamfunga mbuzi nyuma ya nyumba. Hakuuliza zaidi.

Asubuhi ya sherehe mambo yakaharibika. Mabeberu ambao Gitau alikuwa amewanunua Katilu hawakufika. Gari lililowabeba lilikuwa limezama kwenye mchanga njiani, naye Gitau akatoka kwenda kusaidia kulivuta. Wageni walikuwa wakitarajiwa adhuhuri: mchungaji, walimu, wakubwa wa ofisini kwa Gitau na wake zao. Jerusha alikwenda nyuma ya nyumba, akainama, akapitisha mkono chini ya tumbo la yule mbuzi. Mkono ule ulikuwa umepapasa matumbo ya akina mama kwa miaka, haukuhitaji kuambiwa. Ndani, kitu kilipiga teke.

Alisimama hapo kitambo. Kisha akawaza sufuria zilizokuwa zikichemsha maji matupu, na wake za wakubwa watakavyotazamana. Akajiambia kwamba mbuzi aliyeletwa wakati wa karamu ni wa karamu. Akamwita jirani yake Longor, aliyezoea kuwachinjia.

"Hii, mama?" Longor aliuliza.

"Huyo."

Longor akamfungua mbuzi. Kilichotoka tumboni alikizika upande wa pili wa ua, na Jerusha hakutoka jikoni mpaka alipomaliza.

Nakeno alifika jua likiwa utosini, amejipaka mafuta, shanga zimempanda hadi kidevuni. Mtoto alijificha nyuma ya Jerusha, akachungulia. Bibi aliposema naye kwa lugha yao, alichoweza kujibu ni "ejok" tu, yaani njema. Aibu ikamshika Jerusha, maana ni yeye aliyekataza lugha ile nyumbani, ati mtoto asije akabaki nyuma shuleni.

Gitau, aliyerudi bila mabeberu, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, alimkalisha Nakeno kiti cha mbele. Mchungaji aliomba. Ikakatwa keki iliyookwa kwa sufuria yenye makaa juu ya kifuniko. Nyama ikapakuliwa, na Nakeno akala kama mtu aliyetoka kwenye njaa, akavunja hata mifupa. Aliposhiba alipangusa vidole, akamwambia Longor jambo. Longor aliinamisha macho kabla ya kutafsiri.

"Anasema ameshiba. Sasa anataka mtoto amwonyeshe mbuzi yake."

Nakeno akaendelea, na Longor akafuata polepole. Mbuzi yule alikuwa wa uzao wa mbuzi wa marehemu, mama yake mtoto. Wengine wote walikufa kwa ukame, akabaki huyo mmoja. Sasa alikuwa na mimba. Angezaa, na watoto wake wangezaa, na Akuwam, hata akikaa nyumba ya mawe na kusoma vitabu, hangekuwa mtu asiye na mifugo.

Gitau alimgeukia mkewe akitabasamu. Alidhani nyama ile imenunuliwa kwingine.

"Yuko malishoni," Jerusha alisema.

Longor alitafsiri kwa sauti ya chini. Nakeno akasema si neno, mbuzi hurudi jioni, atangoja. Akahamia kivulini, akampakata mtoto, akaanza kumfundisha majina ya rangi za mbuzi. Jerusha alikuwa akiosha sahani. Alimsikia mtoto akirudia majina yale moja moja, akikosea, akicheka. Sahani ikamponyoka. Alijifuta mikono, akamwita Longor, akaenda kupiga magoti mbele ya yule bibi.

"Mwambie nilimchinja. Mwambie nilijua ana mimba, nilimgusa kwa mkono wangu."

"Mama, naweza kusema imepotea," Longor alimnong'oneza.

"Hapana. Sema nilivyosema."

Longor akasema. Nakeno alitazama vidole vyake mwenyewe.

"Anauliza," Longor alisema, "ni hiyo amekula?"

Jerusha aliitikia kwa kichwa. Nakeno alimshusha mtoto taratibu, akatamka maneno machache, akaondoka kuelekea kwa akina Longor. Longor alichelewa kuyatafsiri.

"Anasema alikupa mtoto kwa sababu hakuwa na maziwa. Si kwa sababu hakumtaka."

Wageni waliaga mapema. Gitau hakugomba. Alisema tu kwamba angeambiwa, wangewalisha wageni githeri ya mahindi na maharagwe, na hakuna ambaye angekufa. Jerusha angependelea matusi. Asubuhi Nakeno alipanda lori akarudi kwake.

Shule zilipofungwa Desemba, Jerusha alimchukua mtoto na mbuzi majike, wakaenda Kakuma. Nakeno aliwapokea mbuzi, akawaingiza zizini bila kushukuru. Alisema, kwa kinywa cha mpwa wake aliyejua Kiswahili, kwamba ni mbuzi wazuri, lakini ni wa Jerusha, si wa uzao wa mbuzi wa mama yake mtoto, na uzao ule haulipiki. Kisha akaomba jambo moja: mtoto akae naye mpaka shule zifunguliwe.

Ndilo lile Jerusha aliloliogopa tangu mwanzo. Alimtafuta mtoto kwa macho, akamwona yuko zizini, amemshika mbuzi sikio, anataja rangi yake kwa lugha ambayo yeye Jerusha hakuijua.

"Akae," alisema.

Alirudi Lodwar peke yake, amekaa kando ya Lotiir ndani ya lori. Mtoto aliporudi Januari alikuwa mweusi kwa jua, na alitaka aitwe Akuwam. Gitau alisita, kwa kuwa Wairimu lilikuwa jina la mama yake. Jerusha ndiye aliyeanza kumwita hivyo.

Agosti iliyofuata sherehe ilifanyika Kakuma, na Nakeno ndiye aliyechagua mnyama wa kuchinjwa, beberu mwekundu. Alimkatia Jerusha kipande kwa mkono wake mwenyewe. Jerusha alikipokea kwa mikono miwili, akakitafuna muda mrefu, akimkumbuka yule mbuzi mweupe.