Siku Kumi za Dada Breki

Jina la Dada Breki alilitunga mwenzetu Mdomo, na tupo tusiosahau. Miaka sita nyuma, mbele ya wajitolea wote wanaokusanya programu za kompyuta na kuzigawa bure kwa zahanati na shule, alipanda juu ya kiti akasema, "Huyu dada analinda makaburi! Programu mpya zinazeekea mlangoni kwake!" Watu wakacheka. Mdomo akacheka kuliko wote.

Kosa la dada lilikuwa nini? Kudai kila programu mpya ingoje siku kumi, ijaribiwe, ndipo iingie kwenye toleo, yaani mkusanyiko unaogawiwa. Njia ya mkato ilikuwa moja tu, alama ya "dharura", ya kuzibia matundu wanayopenyea wezi wa mtandaoni.

Jumatatu Mdomo akaibandika alama hiyo kwenye programu ya kuchapia. Dharura haikuwepo. Alitaka tu iwahi toleo.

Jumatano akapigiwa simu na mdogo wake wa tumbo moja, muuguzi wa zahanati mojawapo.

"Kaka, kompyuta zenu zimeingiwa na nini? Vibandiko vya dawa vinatoka vitupu! Tangu asubuhi naandika kwa mkono. Mama mmoja nusura apewe chupa ya mwenzake."

"Nusura tu?"

"Nusura unaiona ndogo, kaka?"

Kikao kikaitwa. Wakamrukia Dada Breki, maana saini ya toleo ni yake.

"Leo breki zimekatika, dada?" mmoja akatania.

"Nimetia saini mimi," akasema. "Nikiona alama ya dharura huwa siulizi. Namwamini aliyeibandika."

Jina hakulitaja, ingawa orodha ya waliobandika alama ilikuwa wazi mbele yake.

Mdomo akatazama viatu vyake. Akinyamaza, dada atavuliwa usimamizi wa toleo, na atakayepewa ni yeye. Ndicho alichokipigia kelele miaka yote sita.

"Ni mimi."

Sauti ilimtoka kama ya kuku aliyenyeshewa, hakuna aliyesikia. Akarudia, "Ni mimi. Haikuwa dharura."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Dada Breki akavaa miwani. "Rudisha ile ya zamani. Kisha ipigie zahanati, uwaeleze."

Alirudisha. Akapiga, wote wakimsikiliza.

"Kaka! Mmempata aliyefanya hivi?"

"Tumempata," akasema. "Unaongea naye."