Matairi Mapya ya Geti la Kijani

Mimi kampuni ya malori siichagui kwa maneno ya meneja. Meneja gani hana mdomo? Huwa nasimama ng'ambo ya geti, naagiza chai kikombe kimoja, naangalia matairi ya magari yanayoingia na kutoka. Tairi likiwa kipara, tajiri ni bahili, na anayebana tairi atabana na mshahara. Tairi likiwa zuri, kuna mtu anawajali madereva wake. Miaka ishirini na sita nimekwenda na kanuni hiyo, tena nikawafundisha wengine kwa kujisifu. Ilikuwa kanuni ya kijinga.

Tajiri wetu wa zamani alifariki, na watoto wake wakauza malori yote tisa kabla hata viti vya msibani havijarudishwa. Mimi na Kibiriti tukajikuta nje siku moja. Kibiriti ni rafiki yangu tangu tukiwa matingo, tunalala chini ya tela na kugombea blanketi moja. Jina hilo alipewa kwa sababu ni mwembamba na anawaka upesi. Kwa miezi mitano tulizunguka kutafuta usukani. Nyumbani kwangu cherehani ya mke wangu ndiyo iliyotulisha, na mke wangu hakuwahi kunisema hata siku moja. Heri angenisema.

Ofisi ya kwanza walilipa kwa safari, na mzigo ukichelewa hasara ilikuwa ya dereva. Tukawaachia ofisi yao. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja mwenye malori sita makuukuu na ulimi kama msumeno. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mshahara mdogo," akasema. "Unatoka tarehe tano, haulali. Tairi likipasuka nanunua mimi. Ukilewa unashuka. Nafasi ni moja tu. Una swali?"

Nilitoka nikaangalia matairi yake. Yamechoka, mawili yameshaanza kuonyesha waya. Nikamwambia nitafikiria.

"Fikiria haraka," akasema. "Sikai kukusubiri kama mchumba."

Ofisi ya tatu ndiyo yenye geti la kijani. Hao hawakuajiri dereva, walimkodisha lori. Unaendesha, unakatwa kila mwezi kwa miaka mitatu, halafu lori linakuwa lako. Nilisimama pale nje na chai yangu, nikaona vichwa vya malori vikipita kimoja baada ya kingine, na matairi mengi bado yana zile nywele za mpira za kiwandani. Moyo ukanidunda kama wa kijana. Nikampigia Kibiriti simu palepale.

"Njoo," nikamwambia. "Nimepata watu. Hawa watu wana tairi, bwana!"

Ni mimi niliyempigia. Hilo silifichi.

Siku ya kusaini tuliwakuta madereva kama kumi na wawili kwenye benchi, kila mmoja kavaa shati lake la harusini. Meneja alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akituita "wazee wangu" kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa dawa. Alieleza kwamba kila dereva lazima adhaminiwe na dereva mwenzake aliyepo pale. Mimi nitamdhamini Kibiriti, Kibiriti atanidhamini mimi. Kibiriti alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Naomba mkataba nikausome nyumbani, nirudi kesho," nikasema. Mke wangu alikuwa ameniapisha mlangoni kwamba sitasaini nisichokisoma.

"Mkataba hautoki ofisini, mzee wangu. Na orodha tunafunga leo saa kumi."

"Basi nitausomea hapa."

Benchi zima likaguna. Jamaa mmoja akasema, "Mwalimu mkuu kaja." Wakacheka. Mimi nilitoka shule darasa la tano. Kusoma najua, ila nasoma kama lori lenye tani thelathini linapanda mlima: gia ya kwanza, moshi mwingi, lakini kileleni linafika. Kurasa zilikuwa kumi na moja. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Kibiriti alikaa pembeni yangu akitikisa goti. "Chuma," akaninong'oneza, maana hilo ndilo jina langu la barabarani, "lori ulilikagua?"

"Nililikagua."

Na kweli. Nilikuwa nimeingia chini ya lile lori kwa saa mbili nzima. Nilinusa oili, nikapapasa springi, nikasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Ndivyo tulivyo sisi. Chuma tunakikagua mpaka tunachafuka masikio, halafu karatasi inayotufunga kwenye hicho chuma tunaisaini tukiwa tumesimama.

Kifungu cha tatu kilisema dereva haruhusiwi kubeba mzigo wa mtu mwingine yeyote. Mzigo atapewa na kampuni peke yake. Sawa, nikasema moyoni, gari bado ni lao. Kifungu cha sita kilisema matairi, breki na matengenezo yote ni juu ya dereva.

Nikakisoma tena. Matairi ni juu ya dereva.

Nikainuka.

"Wapi tena?" Kibiriti akauliza.

"Nakuja."

Nilikwenda yadi. Vichwa kumi na vinne vilikuwa vimepangwa vikisubiri wenyewe wapya. Safari hii sikuangalia kama tairi ni jipya au ni bovu. Niliinama nikaangalia chapa. Lori la kwanza lilikuwa na matairi kumi ya chapa nne. La pili, chapa tano. La tatu lilikuwa na mapya sita, na hakuna mawili yanayofanana hata kwa mistari.

Mwenye kampuni hanunui tairi hivyo. Mwenye kampuni akinunua, anateremsha lundo zima, chapa moja, siku moja. Anayenunua tairi mojamoja ni mtu maskini. Leo kapata hela ya moja, kalifunga. Mwezi ujao kapata ya jingine, dukani ile chapa imekwisha, kachukua iliyopo. Nilikuwa nimesimama mbele ya jasho la watu kumi na wanne, limefungwa nati na kupakwa rangi nyeusi. Watu wenyewe wako wapi?

Nikarudi ndani mbiombio na umri wangu huu, nikaweka kidole pale nilipoachia. Kifungu cha tisa. Lori likisimama siku kumi na nne mfululizo bila mzigo, kwa sababu yoyote ile, mkataba umevunjika. Lori linarudi kwa kampuni likiwa na kila kilichofungwa juu yake. Alichokwishalipa dereva kitahesabiwa kuwa kodi.

Mwenye kunipa mzigo ni nani? Kampuni. Nikikosa mzigo, anayelichukua lori ni nani? Kampuni. Wananiweka mlangoni, wanafunga mlango, halafu wananifukuza kwa kosa la kutoingia.

"Kijana," nikamwita meneja. Ile "wazee wangu" yake ilikuwa imenitosha. "Nikikaa siku kumi na nne hamjanipa mzigo?"

"Mzigo haukosekani hapa, mzee wangu."

"Basi kifute kifungu cha tisa."

Akatabasamu. "Hiyo ni lugha ya wanasheria tu."

"Mpango huu una miaka mingapi?"

"Sita sasa."

"Mkataba ni wa miaka mitatu. Nitajie dereva mmoja aliyemaliza akatoka na lori lake. Mmoja tu. Nipe namba yake, nimpigie simu hapa hapa."

Meneja alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Taarifa za wateja ni siri," akasema.

"Siri!" Nikapiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Ndoa ni siri? Mtu akipata lori lake atajificha? Angelipitisha mtaa mzima akipiga honi mpaka watoto wa majirani waugue masikio!"

Nikawageukia wale wa benchini, nikawaeleza kifungu cha tatu, cha sita na cha tisa, na chapa za matairi. Nilieleza vibaya, kwa kelele, nikirudia maneno. Jamaa aliyeniita mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Wawili wakainuka, wakatoka bila kuaga. Wengine wakabaki pale pale kama waliogandishwa kwenye benchi. Mlinzi akasogea karibu yangu, akasimama tu.

Kibiriti akanivuta mkono mpaka kwenye korido.

"Umemaliza?"

"Twende zetu."

"Twende wapi? Kwa yule mama nafasi ni moja. Hiyo ni yako, mimi niende kufagia barabara?"

"Kibiriti, hawa ni wezi."

"Tajiri gani si mwizi? Tumeibiwa miaka ishirini, angalau hawa wanakuibia ukiwa kwenye lori lako."

"Si lako! Halitakuwa lako! Umesikia nilichosoma?"

"Nimesikia. Na mimi sitasimama siku kumi na nne. Nitalala mlangoni kwa huyo kijana mpaka anipe mzigo. Nitampelekea mkewe mkaa. Najua kuishi na watu, siyo kama wewe." Sauti ikamshuka. "Chuma, mimi nina miaka hamsini na moja. Nimeshamwambia mama watoto. Amewaambia dada zake. Niwekee saini ya udhamini tu. Yako usiweke, shauri yako. Ya kwangu weka."

Ndugu zangu, mtu huyu aliwahi kunitoa kwenye kabini lililokuwa linawaka. Niliitazama ile kalamu aliyoninyooshea, na mkono wangu ulitaka kuishika.

"Siweki," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Basi umenileta, sasa nisaidie niingie!"

"Siweki, Kibiriti."

Aliniita majina ambayo siyaandiki. Akasema nina wivu, kwamba sitaki mtu atangulie. Halafu akarudi ndani, na kupitia mlango ulioachwa wazi nikamsikia akiuliza nani hana mdhamini. Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya akainua mkono. Hawajuani hata jina. Kila mmoja akamwekea mwenzake saini, na haikuchukua hata dakika tatu. Nilivunja urafiki wa miaka ishirini na sita ili kuzuia jambo ambalo halikuzuilika kwa dakika tatu.

Nilitoka nje nikaanza kutembea kwenda kwa yule mama mwenye ulimi. Jua kali na vumbi. Nilimkasirikia meneja na viatu vyake. Nilimkasirikia Kibiriti. Lakini zaidi nilijikasirikia mimi, mimi na kikombe changu cha chai, bingwa wa kuangalia matairi.

Nilikuwa nimefika kwenye mzunguko wa barabara niliposikia breki za upepo nyuma yangu. Kichwa cheupe, hakina tela. Kibiriti akachungulia kutoka juu dirishani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa yule mama."

"Panda."

Nikapanda. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Injini ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Gia zilikuwa zinaingia kama kisu kwenye papai.

"Kuanzia leo," nikasema mwishoni, "kila siku ukienda kuomba mzigo, andika kwenye daftari. Tarehe, saa, jina la uliyemwomba. Mwambie asaini."

"Nimekuomba ushauri?"

"Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa."

"Mimi naandika kama kuku, unajua."

"Andika kama kuku. Kila siku."

Alisimama mbele ya ofisi ya yule mama, injini ikiunguruma. Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, anatazama ni nani aliyemzibia njia.

"Ukipata safari ya kwanza nipigie," nikasema.

"Shuka bwana, unanimalizia diseli."

Nikashuka, nikabamiza mlango kwa nguvu zangu zote.

"Taratibu!" akapiga kelele kutoka juu. "Gari la watu hilo!"

Alisikia alichokisema. Nilimwona usoni. Akaingiza gia, akaondoka bila kunitazama, na mimi nikabaki nimesimama pale barabarani, ngumi zimekunjwa, sina wa kumpiga.